Sauti Yako Iko Kwenye Filta na Envelopu

Mazungumzo na maprodyuza vijana na wapiga kinanda wa kwaya, Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Shikamooni, wazee wetu mliokuja kuwasindikiza vijana. Nimefurahi kuona wapiga kinanda wa kwaya wamekaa benchi moja na vijana wa studio, maana jambo la leo linawahusu nyote.

Ombi langu ni moja, na ninalitanguliza ili hata atakayewahi daladala aondoke nalo. Kwa kipindi fulani acheni kutafuta priseti, yaani sauti zilizotengenezwa tayari. Fungueni sinthesaiza moja tu, yaani programu ya kutengenezea sauti, kwenye kompyuta, irudisheni kwenye sauti yake tupu ya kuanzia, halafu mjifunze sehemu mbili: filta, inayochuja masafa ya sauti, na envelopu, inayoongoza mwendo wa sauti tangu inapoanza hadi inapozima. Ninaamini kwa moyo wote kwamba prodyuza anayezimudu sehemu hizo mbili kwenye programu ya bure atatoa sauti zenye sura yake, kuliko mwenye maelfu ya priseti asiyejua kwa nini moja inapendeza na nyingine inakera.

Nalisema hili kwa sababu nasikiliza kazi zetu. Biti imetoka Igoma, nyingine Buzuruga, nyingine Geita, na kinanda cha mbele ni kilekile, besi ni ileile. Waimbaji wanatofautiana, Kisukuma chao kitamu, mashairi yana uzito. Lakini sauti zinazowazunguka zimetoka kwenye folda moja iliyohama kwa flashi kutoka studio hadi studio. Hilo linaniuma, kwa sababu watu wa kanda hii hawajakulia kwenye ukame wa sauti. Nendeni Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana, msikilize ngoma peke yake. Kila ngoma ina mwanzo wake, ina namna yake ya kuvuma, na ina namna yake ya kunyamaza. Mambo hayo matatu ndiyo ninayotaka tuyashike leo kwa mikono.

Kabla ya kugusa kompyuta, tutumie kinywa. Kila mmoja achague noti iliyo rahisi kwake na aishike. Semeni "uuu". Sasa, bila kuhama noti, sogeeni polepole mpaka "iii". Rudini kwenye "uuu". Tena.

Ahsanteni. Angalieni kilichotokea. Nyuzi za sauti kooni zilitetemeka kwa kasi ileile muda wote. Mlichohamisha ni ulimi na midomo, na nafasi ya kinywani ilipobadilika umbo ikaanza kupitisha masafa fulani kwa nguvu na kuyazuia mengine. Kwenye "u", kilele cha pili cha masafa kiko chini ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde. Kwenye "i" kimepanda na kupita 2000. Noti ni moja, rangi ni mbili. Koo ndiyo osileta yenu, yaani kitoa sauti, na kinywa ndicho filta yenu, na mmekuwa mkiitumia filta hiyo tangu mlipojifunza kusema.

Sasa semeni "paaa". Halafu "waaa". Noti ileile, irabu ileile, lakini hakuna anayechanganya hizo mbili. Tofauti yote imekaa kwenye sehemu ndogo ya mwanzo: kwenye "pa" midomo imefunguka kwa mpasuko, kwenye "wa" imefunguka kwa mtelezo. Huo mwendo wa kufungua, kwa haraka au kwa taratibu, ndio kazi ya envelopu.

Msidhani mwanzo wa sauti ni jambo dogo. Mwaka 1948 kule Paris, Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi kengele kisha akaondoa ule mwanzo wake, yaani pale inapogongwa, akabaki na mvumo tu. Mvumo huo haukusikika tena kama kengele. Chuma ni kilekile na noti ni ileile, lakini sikio lilikuwa limenyang'anywa kitambulisho. Sikio linauliza kwanza: sauti hii imeanzaje, na mng'ao wake umehamaje? Wimbi gani limetumika ni swali la baadaye.

Haya, kompyuta. Mtu asiniambie hana hela ya plagini, yaani programu ya sauti ya kuongeza kwenye kompyuta. Sinthesaiza ya Vital ilitoka mwaka 2020 na ina toleo la bure. Surge XT ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwa anayetumia programu ya kurekodi ya FL Studio, hata sinthesaiza yake ya 3x Osc inatosha, ila kule filta imejificha kidogo: nendeni kwenye ukurasa wa envelopu wa chaneli, na msitafute jina la katofu, yaani mahali filta inapoanzia kukata, kwa sababu pale imeandikwa MOD X, na resonansi, tutakayoifikia, ni MOD Y. Kuna kijana atazunguka miezi bila kujua kwamba vitufe anavyovitafuta viko mbele ya macho yake kwa jina jingine.

Chagueni wimbi la msumeno. Pigeni A ya hezi 110. Sikio linasikia noti moja, lakini ndani mna msururu: 110, 220, 330, 440, 550 na kuendelea juu. Ya pili ina nusu ya ukubwa wa ya kwanza, ya tatu theluthi, ya nne robo. Hizo ndizo hamoniki, na wimbi la msumeno linazo zote. Wimbi la mraba lina zile za namba witiri tu. Wimbi la saini lina ya kwanza peke yake, kwa hiyo filta ya kukata juu haina cha kukata hapo. Ukiweka filta kwenye saini na usisikie mabadiliko, usihangaike kutafuta hitilafu. Badili wimbi.

Filta tunayoitumia zaidi ni ile inayopitisha masafa ya chini na kupunguza ya juu, na katofu ndiyo inayoamua upungufu uanzie wapi. Haukati kwa ghafla. Unashuka kwa mteremko, na mteremko unapimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapozidishwa mara mbili. Kwenye programu nyingi mtaona namba 12 na 24. Tuseme katofu iko hezi 440. Kwa mteremko wa 24, hamoniki ya 880, iliyo oktava moja juu, inabaki takribani sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake. Kwa mteremko wa 12 inabaki robo. Mteremko wa 24 ndio wa filta ya Robert Moog, mtengeneza sinthesaiza wa Marekani, aliyopewa hataza yake mwaka 1969, na plagini nyingi mpaka leo zinaiiga. Mimi besi naifanyia kwa 24. Kwa kodi ndefu za kwaya, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, nachukua 12, kwa sababu haizimi mng'ao wote na kinanda hakionekani kimefunikwa blanketi.

Na filta mnaijua hata ambao hamjawahi kugusa kompyuta. Ukipita usiku nje ya baa pale Kirumba mlango ukiwa umefungwa, unasikia kiki, ule mdundo mzito wa ngoma, na besi. Mlango ukifunguliwa, sauti ya mwimbaji na ya matoazi inatoka nje. Ukuta unazuia masafa ya juu zaidi kuliko ya chini. Hewa nayo inafanya hivyo kwa umbali: harusi ikiwa ng'ambo ya ghuba, kinachokufikia ni mdundo. Kwa hiyo filta iliyofungwa inamwambia msikilizaji zaidi ya kwamba sauti ni nzito. Inamwambia iko mbali, au iko ndani. Ukiifungua kidogokidogo kuelekea kiitikio unamtembeza msikilizaji mpaka mlangoni na kumwingiza. Ndiyo maana ufunguzi ule unasisimua hata kama kodi hazijabadilika. Na ndiyo maana ukiutumia kwenye kila wimbo, kila kiitikio, unaisha nguvu. Utumieni pale wimbo unapoomba.

Resonansi ni kitufe cha jirani yake. Inainua masafa yaliyo kando ya katofu, ili pale filta inapopita pasikike. Ikizidishwa sana, filta nyingi huanza kulia zenyewe, zinatoa saini safi bila osileta. Ina gharama: kwenye filta za aina ya Moog, ukipandisha resonansi besi inakonda. Nimesikia nyimbo nyingi nzuri zenye resonansi kubwa kwenye besi, prodyuza kafurahia ule mlio wa kuvutia, akasahau kwamba sakafu ya wimbo imeondoka. Kwa besi anzeni chini, asilimia 10 au 20, mpandishe kwa sababu.

Ninaitaja mashine ya besi ya Roland TB-303 hapa kwa sababu kisa chake kinatugusa. Ilitengenezwa Japani, ikatoka mwaka 1981, kwa lengo la kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kwa kazi hiyo haikuwaridhisha watu, ikaacha kutengenezwa, na zilizobaki zikauzwa kwa bei ya chini kama mitumba. Vijana Weusi wa Chicago wakazinunua. Kwenye mashine ile hamna priseti za sauti za kuchagua. Vitufe vya kuumbia sauti ni tuni, swichi ya wimbi, katofu, resonansi, kiasi cha envelopu, dikei na aksenti, yaani mkazo wa noti. Wakaacha mfuatano wa noti ujirudie huku wanazungusha vitufe kwa mkono, na muziki wa acid house ukazaliwa, ukasambaa hadi Ulaya. Aina nzima ya muziki imetoka kwenye filta moja na envelopu moja, mikononi mwa vijana hao.

Twende kwenye envelopu. Mwaka 1964, Moog alikuwa akifanya kazi na mtunzi Herbert Deutsch. Deutsch alitaka noti isiwake na kuzima tu kwa ghafla, alitaka iwe na mwanzo na mwisho wa kimuziki. Moog akaunga kitufe cha kengele ya mlangoni kwenye mashine, pamoja na kapasita ya kuhifadhi umeme na kuuachia polepole. Mwaka 1965, baada ya kuzungumza na mtunzi Vladimir Ussachevsky, akaigawa safari ile ya umeme katika sehemu nne, na kampuni ya ARP baadaye ikazirahisisha kuwa herufi tunazoziona leo: A, D, S na R.

Ataki ni muda wa kupanda kutoka sifuri hadi kilele. Dikei ni muda wa kushuka kutoka kilele hadi kiwango cha kukaa. Sasteini ni hicho kiwango chenyewe, sauti inakaa hapo muda wote kidole kikiwa kwenye kinanda. Rilisi ni muda wa kuzima baada ya kidole kuondoka. Shikeni hili: tatu ni muda, sasteini peke yake ni kiwango. Mtu akisema "ongeza sasteini noti iwe ndefu", hajaielewa. Urefu wa noti unauamua kwa kidole au kwa kuichora noti yenyewe.

Sinthesaiza nyingi zina angalau envelopu mbili. Moja inaongoza ukubwa wa sauti, nyingine inaongoza katofu. Ya ukubwa imeunganishwa tayari. Ya filta ina kitufe chake cha kiasi: inaruhusiwa kuisogeza katofu kwa umbali gani. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na napenda tupatazame kwa utulivu.

Kwanza, katofu ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, envelopu haina pa kuipeleka. Utazungusha kiasi mpaka asilimia mia na hutasikia lolote. Shusha katofu kwanza. Anzia hezi 200, sauti ifungwe mpaka uikose, ndipo uiruhusu envelopu iifungue. Pili, sasteini ikiwa imejaa, dikei haina kazi, kwa sababu hakuna mahali pa kushukia. Shusha sasteini ya filta hadi asilimia 30, cheza na dikei, utasikia noti imepata mdomo. Tatu, rilisi ya filta haisikiki iwapo rilisi ya ukubwa ni fupi kuliko yake: sauti imeshazima, filta inahangaika gizani. Mtu akiyashika hayo matatu, nusu ya kilio cha "envelopu ya plagini hii mbovu" inakwisha.

Sasa tutengeneze besi, na tuitengeneze kwa ajili ya msikilizaji tuliye naye. Nyimbo zetu zinasikilizwa wapi? Kwenye simu. Kwenye spika ndogo ya bodaboda, ya kibanda cha chipsi, ya mama anayeanika dagaa pale Mwaloni. Spika ya simu haitoi kitu cha maana kwenye masafa ya chini kabisa. Ukipiga A ya hezi 55 kwa saini safi, kwenye spika kubwa za studio kifua kinatikisika na unajipongeza. Kwenye simu hakuna besi. Imepotea.

Lakini mwili wetu umepewa zawadi hapa. Ubongo ukisikia 110, 165, 220 na 275 kwa pamoja, unatambua kwamba familia hiyo ni ya 55, na unaisikia noti ya 55 hata kama spika haikuitoa. Hamoniki za juu ndizo zinazoibeba besi hadi kwenye simu, na mwenye mamlaka juu ya hamoniki hizo ni filta yenu.

Basi: wimbi la msumeno, mteremko wa 24, katofu hezi 150, resonansi 15. Envelopu ya filta: ataki sifuri, dikei milisekunde 180, sasteini asilimia 40, rilisi milisekunde 60. Kiasi kipandisheni mpaka kwenye kilele filta ifike karibu hezi 900. Hapo mwanzo wa noti unapata karibu hamoniki kumi na sita, simu inazinasa, halafu filta inajifunga na kuacha uzito kwa wenye spika kubwa. Envelopu ya ukubwa: ataki milisekunde 2, sasteini imejaa, rilisi 50. Kwa nini ataki isiwe sifuri kabisa, na rilisi pia? Kwa sababu wimbi likianza au kukatwa katikati ya safari yake linatoa mlio wa "ti" unaokera, hasa kwenye besi. Milisekunde chache zinauondoa na hakuna atakayezihisi. Sikilizeni kwenye spika, kisha kwenye simu. Besi iko.

Namba hizi si msahafu, kwa sababu zinategemea kasi ya wimbo. Chukueni 60,000 mgawanye kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, mtapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa 90 una pigo la milisekunde 667, na robo ya pigo ni 167 hivi. Njooni kwenye singeli ya 200: pigo ni 300, robo yake ni 75. Dikei ya 180 niliyowapa haimalizi safari kabla noti inayofuata haijafika, kwa hiyo filta haijifungi kamwe, na besi inageuka kuwa mkwaruzo mmoja mrefu. Kwa singeli shusheni dikei hadi 50 au 60. Ukimkuta prodyuza wa singeli anachukua priseti ya besi iliyotengenezwa kwa muziki wa polepole, halafu analaumu spika, mkalisheni chini mumwonyeshe hesabu hii. Hata rilisi inaingia humo: mikia mirefu kwenye wimbo wa kasi inapandana, na mchanganyo unajaa ukungu ambao ikolaiza haiwezi kuuondoa.

Wapiga kinanda wa kwaya, nawageukia. Mnaombwa tarumbeta kila Jumapili, na priseti ya tarumbeta inatoka bapa. Mmeyasikia matarumbeta ya harusi yanavyopita barabarani juu ya gari. Mpulizaji akipuliza kwa upole, sauti ni ya mviringo. Akiongeza pumzi, sauti haikui tu, inakuwa kali na yenye kung'aa. Katika miaka ya 1960 Jean-Claude Risset, Mfaransa aliyefanya utafiti kwenye maabara ya Bell huko Marekani, alichambua noti za tarumbeta kwa kompyuta akaonyesha hilo: kadiri sauti inavyokuwa kubwa, ndivyo hamoniki za juu zinavyoongeza fungu lao. Kwa hiyo ukubwa na mng'ao lazima vitembee pamoja. Envelopu ya filta ipeni ataki ya milisekunde 50 hadi 80, ili mng'ao uwasili nyuma kidogo ya sauti yenyewe. Sasteini ya filta 60. Kisha unganisheni nguvu ya kidole na kiasi cha envelopu, ili ukibonyeza kwa upole filta ifunguke kidogo, ukibonyeza kwa nguvu ifunguke sana. Baada ya hapo kinanda kinaanza kumsikiliza mpigaji. Kwaya ikishusha sauti kwa ajili ya sala, vidole vyako vinatosha kuishusha tarumbeta nayo, bila kukimbilia kitufe cha sauti.

Na kuna kitufe kimoja mnachokipita bila kukisalimia: cha kufuata kinanda. Katofu ikikaa mahali pamoja, noti za chini zinapata hamoniki nyingi chini yake, za juu zinapata chache. Melodia ikipanda, inafifia rangi, kana kwamba mwimbaji anaishiwa pumzi. Kitufe hicho kikiwa asilimia 100, katofu inapanda sawasawa na noti na rangi inabaki moja. Kwa melodia ya mbele wekeni 60 hadi 100. Kwa besi acheni chini. Wenye kinanda cha MIDI, kile kinachotuma amri kwa kompyuta, chenye vitufe vya kuzungusha, jaribuni kidhibiti namba 74. Kwa mazoea ndicho cha katofu, na 71 ni resonansi.

Nimebakiza ninachokipenda zaidi. Wazee waliopo wanaijua ndono, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Mpigaji anaugonga waya kwa kijiti, mdomo wa kibuyu uko kifuani. Akiubana kifuani, sauti inazibika. Akiuachia, inafunguka. Anafanya hivyo kwa kila noti, akiamua kwa hisia zake noti ipi ing'ae na ipi izame. Ndugu zangu, yule mzee anafanya kazi ya katofu kwa kifua chake, na amekuwa akiifanya kabla Moog hajapewa hataza. Priseti ya ndono hamtaipakua popote kwa ubora anaoustahili. Lakini mnaweza kuijenga. Wimbi la msumeno, filta ya 12, resonansi 35. Ukubwa: ataki sifuri, dikei milisekunde 700, sasteini sifuri. Envelopu ya filta fupi sana, dikei ya 40, kwa ajili ya kijiti. Kisha katofu iunganisheni na gurudumu la pembeni la kinanda, na mkono wa kushoto ufanye kazi ya kifua. Rekodini mwendo wa gurudumu pamoja na noti. Msiuchore kwa mausi. Mwendo wa mkono una kuchelewa na kuwahi kwake, na ndiko ladha iliko.

Ngoma ni hivyohivyo, isipokuwa envelopu inaongoza noti yenyewe. Saini ya hezi 60, envelopu ya noti inayoanzia oktava moja na nusu juu na kushuka kwa milisekunde 60, ukubwa unazima kwa milisekunde 350. Huo ni mwili wa ngoma. Kwa ngozi, ongezeni kelele nyeupe, yaani mvumo wenye masafa yote, iliyopita kwenye filta inayopitisha masafa ya kati tu, izime ndani ya milisekunde 20. Halafu chukueni simu mwende Bujora, mrekodi ngoma moja ikigongwa katikati na ikigongwa pembeni, mrudi mbadili namba hizi mpaka masikio yenu yaridhike. Mtagundua pembeni mng'ao ni mwingi na mwili ni mdogo, na mtajua cha kufanya bila kuniuliza.

Nimeona mkono pale nyuma. Kaka anauliza kwamba laptopu yake ni ndogo na inakwama akifungua sinthesaiza tatu. Swali zuri, na jibu lake liko palepale kwenye envelopu. Kila noti ambayo rilisi yake haijaisha bado inahesabiwa na prosesa, hata kama huisikii chini ya ngoma. Kodi ya noti nne yenye rilisi ya sekunde tano, ikibadilika kila sekunde, inakufanya uwe na noti zaidi ya ishirini zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja na filta yake. Shusha rilisi hadi sekunde moja, weka kikomo cha noti kwenye nane, na mkia uliobaki iachie rivabu moja, yaani kifaa cha mwangwi, kwa sauti zote. Ukimaliza sauti, igeuze kuwa odio, yaani faili la sauti iliyorekodiwa, na uizime plagini. Laptopu itapumua.

Sasa wenye kompyuta sogeeni mbele, wasio nazo wakae wawiliwawili na wenye nazo, na hedifoni mgawane. Kila mtu afungue sauti tupu, wimbi la msumeno, katofu hezi 200. Tunaanza na besi. Dada, tusaidie kuchomeka ile waya ya spika.